Kitu kibovu na risiti huna: usikubali kugeuziwa mlangoni

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za saa hizi.

Naomba mnivumilie, huu uzi ni mrefu. Nimeona niulete kwa sababu watu wengi sana wanapoteza haki yao kwa sentensi moja tu ya kwenye kaunta: "Bila risiti hatupokei." Ukishaambiwa hivyo unanywea, unarudi nyumbani na kitu chako kibovu, kinakaa juu ya kabati miezi sita, halafu kinatupwa. Nimefanya hivyo miaka na miaka. Safari hii nilikataa, na nataka nieleze ilivyokuwa ili mwenzangu asirudi mikono mitupu.

Kitu chenyewe ni birika la umeme. Nililinunua kwenye duka la vyombo vya umeme, nikalipa kwa kadi, keshia akanipa risiti nikaisokomeza kwenye pochi nyuma ya kitambulisho. Wiki ya tatu asubuhi nimewasha, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikachomoa haraka. Nilipolinyanyua, chini yake pana duara la maji, na pale katikati ya kitako, penye ile pini ya kupitisha umeme, pamekuwa peusi. Nikalikausha, nikalijaza maji tena bila kuwasha, nikaliweka juu ya karatasi ya gazeti. Dakika kumi baadaye gazeti lilikuwa limelowa na wino umetambaa. Maji yanapenya pale bati linapoungana na plastiki, yanashukia moja kwa moja kwenye umeme. Hapo nikajua suala si hela peke yake. Mtoto angeweza kulishika lile birika.

Nikaenda kwenye pochi kuchukua risiti. Nikaikunjua: nyeupe! Nimeigeuza huku na huku, nimeiinamisha kwenye mwanga, nikaona kivuli cha herufi mbili tatu pembeni basi. Kwa wasiojua, karatasi hizi za mashine haziandikwi kwa wino. Zimepakwa dawa inayobadilika rangi ikipata joto, na mashine inaichoma nukta kwa nukta mpaka maandishi yanatokea. Ndiyo maana joto la mfukoni, jua, mafuta ya mikono na plastiki ya pochi vinaifuta yote. Kwa hiyo hata mtu mwangalifu anayetunza risiti anaweza kujikuta hana risiti. Sikuwa mzembe mimi, karatasi ndiyo iliyonisaliti.

Nikaenda dukani siku ile ile. Dada wa kaunta akaishika ile karatasi, akaitazama, akanirudishia. "Kaka, hii haina kitu. Bila risiti hatupokei." Nyuma yangu foleni, watu wanahema. Nikaondoka.

Usiku sikulala vizuri. Nikajiuliza swali moja ambalo ndilo lililonifanya nilete uzi: hivi mimi nilinunua risiti au nilinunua birika? Mauzo yalishafanyika. Walipokea pesa yangu, wakanipa mali yao. Risiti ni shahidi wa jambo lile, siyo jambo lenyewe. Shahidi mmoja akifa, unaita mwingine.

Kesho yake nikarudi asubuhi, duka halina watu. Safari hii nilikuwa na taarifa ya akaunti kutoka benki, muamala wenyewe nimeupigia mstari: tarehe, kiasi, jina la duka. Nilikuwa na kadi ile ile niliyolipia. Nilikuwa na birika, boksi lake, na video fupi ya gazeti likilowa. Sikugombana na dada wa kaunta, nikaomba tu kuonana na meneja. Nikamwambia: "Bosi, nimenunua birika hili hapa kwenu tarehe fulani, nimelipa kwa kadi hii. Linavujisha maji kwenye umeme. Naomba mnibadilishie au mnirudishie hela." Nikanyamaza. Akaenda kwenye kompyuta, akaweka tarehe na kiasi, akalinganisha tarakimu nne za mwisho za kadi. Hata robo saa haikufika, muamala umeonekana. Nikapewa lingine, tukalijaribu palepale.

Yaani ile risiti niliyoambiwa lazima niwe nayo ilikuwa ndani ya mashine yao muda wote.

Wenye uzoefu karibuni, hasa waliolipa taslimu, maana hapo ndipo penye ugumu. Nawasilisha.

#2 Keshia wa zamani

Mkuu, umeeleza vizuri. Nimekaa kaunta miaka mingi, naomba niseme kwa upande wetu.

Kwanza, yule dada hakukufanyia makusudi. Wengi wetu tukiajiriwa tunafundishwa sentensi moja tu, "bila risiti hatupokei", na hatupewi mamlaka ya kuamua zaidi ya hapo. Akikupokelea na baadaye hesabu ikakataa, yeye ndiye anayekatwa. Ndiyo maana kumwomba meneja kwa upole ni hatua sahihi kabisa. Keshia mwenyewe atakushukuru moyoni kwa kumtoa kwenye lawama.

Pili, kuna sababu ya ule ukali. Wapo watu wanaochukua kitu rafuni, hawajalipa, wanakipeleka moja kwa moja kaunta kudai warudishiwe hela. Wapo wanaonunua kipya, wanaweka kibovu chao cha zamani kwenye boksi jipya na kurudisha. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Nilishawahi kupokea pasi kwenye boksi safi kabisa, nilipoitoa sahani yake imeungua nguo za miaka. Kwa hiyo mtu akija bila ushahidi wowote na anataka taslimu, kengele inalia kichwani.

Sasa la kukusaidia wewe mteja ni hili: tupe pa kuanzia kutafuta. Mashine ya mauzo inahifadhi kila kitu, ila mtu akija na "nilinunua mwezi uliopita hivi", hatuwezi kupekua maelfu ya mauzo. Akija na tarehe, saa kwa kukadiria, kitu kingine alichonunua pamoja nacho, na namna alivyolipa, inakuwa kazi ya dakika chache. Kama ulinunua birika pamoja na balbu mbili, sema balbu mbili! Mauzo ya birika siku hiyo yanaweza kuwa manane, lakini birika na balbu mbili ni moja tu.

Kama una kadi ya pointi ya duka, au uliwapa namba yako ya simu wakati wa kulipa, mtaje. Hapo jina lako liko tayari kwenye mauzo.

Jambo moja zaidi. Maduka mengi, pasipo risiti, yanakulipa kwa bei ya chini kabisa ambayo kitu hicho kimewahi kuuzwa siku za karibuni. Kama uliuziwa ghali zaidi, ushahidi wa kiasi ulicholipa ndio utakaokuokoa hapo.

#3 Bi Mkubwa

Wanangu, mimi nimo humo humo kwenye taabu. Nimenunua mashine ya kusagia, ile yenye jagi juu. Nimelipa taslimu. Risiti sijui imekwenda wapi, nadhani ilitoka na mfuko uliotupwa. Boksi ninalo. Mashine ikisaga kidogo inanuka moto, halafu inazima yenyewe. Ukiiacha nusu saa inawaka tena, halafu inazima. Ina wiki mbili tu.

Nilipiga simu dukani wakaniambia niende kwa kampuni iliyotengeneza, wao wanauza tu. Nifanyeje? Mjukuu wangu anasema nimpe fundi wa mtaani aifungue.

#4 Fundi Waya

Shikamoo Bi Mkubwa. Tafadhali sana, asiifungue mtu! Hili nalisema kama fundi ambaye ningepata hela kwa kuifungua. Mara tu skrubu zikiguswa, stika ya muhuri ikichanika, duka lina jibu rahisi: "mmeiharibu wenyewe." Kasoro iliyokuwa yao inageuka kuwa yako. Acha ilivyo, usiisafishe hata ndani.

Ila kabla ya kwenda dukani, igeuze chini usome lebo. Nyingi zina herufi KB zikifuatiwa na dakika, kwa mfano KB 1 min. Maana yake mota hiyo imeundwa kusaga dakika moja mfululizo, kisha ipumzike. Ndani mna kikata moto kinachozima mashine ikichemka, na ikipoa kinairudisha. Kwa hiyo kuzima na kuwaka tena baada ya nusu saa siyo kasoro kila mara, inaweza kuwa kinga inafanya kazi yake. Swali ni: inazima baada ya muda gani, na ina nini ndani?

Fanya jaribio hili Bi Mkubwa. Weka maji matupu nusu jagi, mwambie mjukuu arekodi video kwa simu, awashe huku saa ikionekana. Ikizima au kunuka kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo, na ndani ni maji tu, basi ni mbovu na una ushahidi mkononi. Ikikaa muda wake bila shida, angalia unavyoitumia. Nasema hivi kwa nia njema, sitaki ufike kaunta meneja akuumbue kwa kukusomea lebo ambayo hukuisoma.

Pia mwenye simu aipige picha ile namba inayoanza na S/N. Watu wanachanganya namba mbili. Ile mistari myeusi ya msimbopau kwenye boksi yenye tarakimu 13 inataja aina ya bidhaa tu. Mashine zote za aina hiyo zina namba moja, haithibitishi kwamba yako ilitoka duka lile. S/N ni ya mashine yako peke yake. Duka likiwa linaandika S/N za mzigo unaoingia au unaotoka, hiyo ni kama alama ya kidole. Kwa simu za mkononi kazi hiyo inafanywa na IMEI, tarakimu 15, ukibonyeza *#06# inatokea yenyewe.

#5 Mwanasheria kijana

Shikamoo Bi Mkubwa. Heshima kwenu wengine wote.

Nianze na hilo la "nenda kwa aliyetengeneza". Bi Mkubwa, pesa yako ulimpa nani? Muuzaji. Mkataba wako ni na muuzaji. Dhamana ya kiwanda ni kitu cha ziada ambacho mtengenezaji ameahidi juu ya hapo, unaweza kuitumia ukiona inakufaa, lakini haimtoi muuzaji kwenye wajibu wake. Yeye akishakulipa ana njia yake ya kumdai aliyemletea mzigo. Mnyororo unarudi nyuma hatua kwa hatua, usikubali kuruka hatua kwa niaba yake.

Sasa kuhusu risiti. Watu wanachanganya mambo mawili, na maduka mengine yananufaika na mchanganyo huo. Kuna kurudisha kitu kizima kwa sababu umebadili mawazo, rangi haikupendezi, au umekuta kikubwa. Hapo dukani hawana deni nawe, kwa kawaida wanakupokelea kwa hisani yao, na mwenye hisani anaweka masharti: risiti, siku 14, boksi halijafunguliwa. Na kuna kurudisha kitu kibovu. Hapo hisani haipo, upo wajibu. Masharti ya hisani yakivutwa yakawekwa juu ya wajibu, ndipo mtu anapodhulumiwa.

Wazo hili ni la kale sana. Roma ya zamani, maofisa waliosimamia masoko waliwalazimisha wauzaji wa watumwa na wanyama kutangaza kasoro, na mnunuzi aliyefichwa kasoro alikuwa na miezi sita ya kudai kurudisha. Fiqhi ya Kiislamu nayo ina hiari ya kasoro: ukigundua ila iliyokuwemo kabla ya mauzo, una haki ya kukirudisha. Uingereza waliandika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa mwaka 1893, na ikazaa nyingine nyingi: India ya mwaka 1930 ni ya ukoo huo, na Kenya na Tanzania bado zina sheria za mauzo ya bidhaa za ukoo huo huo. Kiini ni kimoja: anayefanya biashara ya kuuza vitu vya aina fulani anahesabiwa kuwa ameahidi vinafaa, hata kama hakutamka neno. Ila kasoro uliyoonyeshwa kabla ya kununua, au ambayo ungepaswa kuiona ulipokikagua kitu, usitegemee kuidai.

Sheria za siku hizi zimeongeza makali. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, una siku 30 za kukikataa kitu kibovu na kurudishiwa hela yote. Baada ya hapo unatoa nafasi ya kutengeneza au kubadilisha, na ikishindikana unadai hela. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita inahesabiwa ilikuwemo tangu mwanzo, muuzaji ndiye athibitishe vinginevyo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lililoanza kutumika Januari 2022, muuzaji anawajibika miaka miwili, na mwaka wa kwanza mzigo wa kuthibitisha ni wake. Afrika Kusini sheria yao ya mwaka 2008 inatoa miezi sita, na mteja ndiye anayechagua: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa hela. Kenya wameliweka mpaka kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 46, haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, kisha ikaja sheria ya kulinda wateja ya mwaka 2012.

Wajibu wenyewe hauzaliwi na risiti. Sheria ya Uingereza inasema wazi kwamba mauzo yanaweza kufanyika kwa maandishi, kwa mdomo, au kueleweka tu kutokana na matendo ya watu wawili. Unachotakiwa ni kuonyesha kwamba ulinunua pale, na kipimo cha madai ya kawaida ni kile kinachoelekea zaidi kuwa kweli. Australia mamlaka ya ushindani na wateja inakubali hata taarifa ya kadi ya benki kuwa uthibitisho. Na kule, kama Uingereza, kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" hakiwezi kufuta haki ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Kila mmoja asome ya nchi yake, siku na miezi inatofautiana.

#6 Mwenye duka

Mimi nina duka dogo. Naona wote mnamsema muuzaji.

Mnajua mtu akinirudishia kitu kibovu mimi nakula hasara? Aliyeniletea mzigo kwa jumla ananiambia hivyo hivyo: "lete risiti." Na nikipokea kila anayekuja na maneno matupu nitafunga. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mteja naye ana wajibu wa kutunza karatasi yake. Mbona cheti cha shule hakimpotei?

#7 Mwanzisha uzi

Mkuu, nakuelewa na siwezi kukupinga kwenye hasara, ni ya kweli. Lakini hiyo methali uliyoitaja nadhani inakuangukia wewe zaidi kuliko mimi. Daftari la duka ni la mwenye duka. Ukiandika kila mauzo, tarehe, S/N na namba ya simu ya mteja, hakuna mwizi atakayekuletea kitu ambacho hukuuza, na mteja wako wa kweli hatahangaika. Na huyo wa jumla naye ukimwendea na daftari, atashindwa kukukana.

Cheti cha shule hakijaandikwa kwa joto, mkuu. Mimi risiti yangu niliitunza.

Hakuna hapa anayeomba upokee maneno matupu. Tunaomba uangalie ushahidi mwingine kabla ya kusema hapana. Hiyo tu.

#8 Mwenye duka

Hapo kwenye daftari nimekuelewa. Natumia kitabu cha risiti chenye nakala ya kaboni lakini S/N siandiki. Nitaanza.

#9 Keshia wa zamani

Kwa Bi Mkubwa na wote waliolipa taslimu, msikate tamaa. Taslimu haina jina lakini inaacha nyayo.

Kama ulitoa hela kwenye mashine ya benki au kwa wakala siku ile, ujumbe upo, na saa yake iko jirani na saa ya manunuzi. Kama ulimpigia mtu simu ukiwa dukani ukauliza "nichukue nyekundu au nyeupe", rekodi ya simu ipo. Kama ulimtumia mtu picha ya boksi, picha ina tarehe. Stika ya bei ya duka juu ya boksi, usiibandue! Zina jina la duka au namba zao za ndani. Mfuko wenye nembo ni ushahidi dhaifu, lakini ukiambatana na vingine unasaidia. Na aliyekuwa nawe siku ile ni shahidi kamili, mpeleke.

Kamera za ulinzi zipo, lakini zinajifuta. Rekodi inaandikwa juu ya ya zamani, mara nyingi ndani ya wiki chache. Kwa hiyo wahi. Kila siku unayosubiri unapoteza kitu.

#10 Mgeni wa leo

Samahanini, naomba kuuliza. Mimi nilipewa zawadi, hedifoni zisizo na waya, upande wa kushoto hausikiki. Siwezi kumwambia aliyenipa maana naona aibu. Naweza kwenda mwenyewe?

#11 Mwanasheria kijana

Kwenda unaweza, lakini ukikataliwa huna nguvu sana, kwa sababu aliyenunua si wewe. Duka linaweza kukubali kukubadilishia, hasa kama bidhaa inaonekana ni yao, ila hela itarudi kwa aliyelipa. Mwambie tu aliyekupa. Hajakutengenezea ubovu yeye, na angependa ufurahie zawadi yake. Akikutumia picha ya ujumbe wa malipo, yatosha.

Kama dhamana ya kiwanda inafuata kifaa na siyo mnunuzi, jaribu njia hiyo kwa S/N.

#12 Fundi Waya

Niongeze la usalama kwa sababu sijaona limeguswa vya kutosha. Kitu kinachonuka moto, kinachovimba betri, kinachopiga shoti, acha kukitumia saa hiyo hiyo. Watu wanaendelea "mpaka nipate muda wa kwenda dukani". Kwanza ni hatari, pili kadiri unavyotumia ndivyo duka linavyosema umekubali hali hiyo.

Na mkiwa na kifaa chenye hatari, tafuteni kama mtengenezaji ametangaza kukiita kirudi. Hapo risiti hata haitajwi. Mwaka 2016 Samsung waliita simu za Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri kuwaka moto, watu walikuwa wanaingiza IMEI tu kujua simu yao imo au haimo. Mifuko ya hewa ya Takata kwenye magari ya kampuni nyingi vilevile, ni namba ya chesisi inayoulizwa, siyo nani alikuuzia wala karatasi gani unayo. Mwenye kiwanda anachokijua ni kifaa, na namba yake imegongwa juu yake.

#13 Mlipaji wa mtandaoni

Ongezeni na hili. Kama ulilipa kwa kadi na duka limegoma kabisa, iombe benki yako ipinge muamala. Kwa kadi za kimataifa muda wa kufungua malalamiko kwa kawaida ni siku 120, lakini benki nyingine zinataka mapema. Watakuuliza ulijaribu kumalizana na muuzaji? Kwa hiyo mawasiliano yenu yawe ya maandishi. Ukitoka dukani umekataliwa, waandikie ujumbe jioni hiyo: "Leo saa fulani nimefika, nimeleta kifaa hiki chenye kasoro hii, nimeambiwa hivi." Hata wasipojibu, una tarehe.

Mimi huo ujumbe peke yake ulitosha. Walinipigia asubuhi.

#14 Mwanzisha uzi

Mlipaji, hilo la kuandika ni dhahabu. Kukataliwa kwa mdomo hakuachi alama, wakikuandikia "hapana" wanaanza kufikiri wanachoandika.

Bi Mkubwa, umeshajaribu ile ya maji na saa? Tunasubiri mrejesho.

#15 Bi Mkubwa

Marahaba wanangu. Nimerudi.

Lebo inasema KB 1 min. Tulijaza maji matupu, mjukuu akarekodi. Mara ya kwanza ilizima sekunde ya 22. Tukaiacha ipoe saa nzima, mara ya pili ikazima sekunde ya 19. Harufu ilijaa jiko zima.

Nikaenda na mdogo wangu tuliyekuwa naye siku ya kununua. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba tulichukua na kamba ya kuanikia nguo, mimi nilisahau kabisa. Boksi lilikuwa na stika ya bei. Kijana wa kaunta akasema risiti. Nikamwambia, "Mwanangu, risiti sina, lakini nilinunua hapa, Jumamosi, baada ya adhuhuri, pamoja na kamba ya nguo. Niitie mkubwa wako." Akamwita.

Meneja alianza na hilo la kwenda kwa watengenezaji. Nikamuuliza, "Hela yangu nilimpa nani?" Akacheka kidogo, akaingia kwenye kompyuta. Akapekua Jumamosi ya kwanza, hamna. Moyo ukanishuka. Mdogo wangu akasema tujaribu iliyotangulia, maana ndiyo siku aliyotoka kliniki. Akafungua simu yake akaonyesha ujumbe wa miadi. Ikaonekana! Mashine moja, kamba moja, taslimu, saa nane na dakika kumi na moja.

Walitaka kunipa vocha nikaikataa, nikasema nimekuja kwa ajili ya mashine. Wakabaki nayo siku mbili fundi wao aikague, nikaomba karatasi inayosema wameipokea, yenye S/N na sahihi. Waliniandikia kwa kalamu. Leo nimekwenda, fundi wao ameona yale yale, wamenipa nyingine. Nimeijaribu palepale kaunta dakika nzima, mara tatu, huku wateja wengine wakisubiri, na hakuna aliyeninung'unikia.

Risiti mpya nimeipiga picha kabla haijaingia mkobani. Mjukuu amenitumia na S/N kwenye simu ya mdogo wangu pia.

#16 Mwenye duka

Hongera Bi Mkubwa. Naomba kuuliza, ile karatasi waliyokuandikia kwa kalamu ilikuwa na nini na nini? Nataka nitengeneze kitabu cha namna hiyo dukani kwangu.

#17 Bi Mkubwa

Tarehe, jina langu, namba ya simu, jina la mashine, S/N, "inazima baada ya sekunde 20", na sahihi ya aliyepokea. Mstari wa mwisho: "Itajibiwa tarehe fulani." Hiyo ya tarehe ndiyo niliyowaomba waongeze.